Mzee Niliyempita Njia ya Kamsamba

Tunduma, Jumapili, mwishoni mwa Agosti 2013

Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia mpaka kwenye kabati la vyombo, na foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia imefika tena mbele ya nyumba yangu, madereva wanasonga ugali kando ya matela yao kama wako kwao. Nimefua, nimeanua, nimekunja. Sasa nimekaa na chai ambayo imeshapoa.

Shajara, nilikuahidi kwamba nikirudi safari nitakuandikia jinsi nilivyopumzika.

Sikupumzika.

Wazo lilikuwa la Zuhura. Zuhura ni jirani yangu wa dukani. Mimi nauza vitenge, yeye anauza matairi. Ni mzaliwa wa Kondoa aliyekuja Tunduma kutembea, akasahau kuondoka. Siku moja biashara imelala, wateja hawaonekani, akawa anasoma kwenye simu habari za watu wa Afrika Kusini wanaokodi gari na kuliendesha wenyewe polepole. Wanapita kwenye mashamba ya zabibu, wanaingia kwenye nyanda za ng'ombe, wanamalizia pwani isiyo na kelele. Hawaendi kumsalimia mtu, hawapeleki mzigo. Wanaangalia tu.

"Wanaangalia nini?" nikamuuliza.

"Nchi yao," akasema. "Wewe yako umeiangalia lini?"

Nikacheka, lakini swali likanikaa. Nimezaliwa hapahapa Tunduma, Mnamwanga wa baba na mama, na Ziwa Rukwa nilikuwa nimeliona kwenye ramani ya darasani tu. Basi tukapanga. Zabibu hatuna, tuna kahawa ya Mbozi. Ng'ombe wapo, bonde zima la Kamsamba. Na bahari? Nikamwambia Zuhura kwamba Rukwa ina maji ya kutuosha miguu mimi na yeye yakabaki. Gari lipo, pikapu ya mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na wakati huu yuko Lubumbashi anasubiri kushusha mzigo. Sote wawili tuna leseni. Tutapokezana usukani.

Sikumwambia mtu mwingine. Huku kwetu likizo ina maana yake. Ukipata nafasi unakwenda msibani, au unakwenda kuvuna, au unampeleka mtu hospitali. Mwanamke mwenye mume na mtoto kusema anaendesha gari kwenda kuangalia maji, watu watadhani ama ametajirika ama amechanganyikiwa. Mtoto wangu, Ipyana, nilimpeleka kwa dada yangu nikasema nakwenda kufuata mali. Mali gani, sikusema. Dada hakuuliza.

Siku moja kabla ya safari, mama mkwe akapiga simu.

Wakwe zangu ni Wandali. Walitoka Ileje zamani kutafuta ardhi, wakapata shamba Mbozi, ndani kidogo kutoka barabara ya Mlowo kwenda Kamsamba. Wanalima kahawa. Mama mkwe hapigi simu ovyo, na akipiga hazunguki.

"Mama Ipyana, mguu wa baba yako umevimba tena. Zahanati wamesema apelekwe hospitali, Vwawa. Kama gari lipo, mtafute dereva aje nalo amchukue."

Nilikuwa nimeshika kopo la mafuta ya taa, nataka kulifunga kwa ajili ya safari. Sijui neno lilitoka wapi. Sikulipanga. Lilitoka lenyewe, laini, kama la mtu aliyezoea.

"Mama, gari liko gereji."

Akasema, "Haya mwanangu, Mungu yupo. Atakwenda zahanati tena wampe za kutuliza." Akanitakia usiku mwema.

Sasa lazima nieleze jambo, kwa sababu najua wapo wanaosoma shajara hii mtandaoni kutoka mbali, na bila hili hawatanielewa. Mama alisema nimtafute dereva, hakusema nije mwenyewe, kwa sababu mimi na baba mkwe hatuwezi kupanda gari moja. Kwa Wandali wa zamani, na huyu ni wa zamani kabisa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawapeani kitu mkononi. Jina lake silitaji, hata hapa silitaji. Nikienda kwao, mtu anatangulia kutoa habari, naye anaondoka sebuleni anakwenda shambani, na kiti chake kinatolewa. Akitaka kunijulia hali anamtuma mama. Nikimjibu namjibu kupitia kwa mama. Tangu niolewe namjua kwa kikohozi chake nyuma ya ukuta, koti lake la kijivu, na mgongo wake ukiingia kwenye mibuni.

Mwanzoni nilidhani ananichukia. Mume wangu akanieleza kwamba ni kinyume: anayekukwepa namna hiyo anakuheshimu kama anavyomheshimu mama yake. Nikazoea. Mpaka nikapenda. Kuna raha ya aina yake katika kuheshimiwa na mtu asiyekuomba chochote.

Tukaondoka alfajiri, Zuhura na mimi, na chupa ya chai, na mkeka, na machungwa ya Nakonde. Mpaka Vwawa tulikuwa nyuma ya malori. Mlowo tukaiacha lami tukashika vumbi, na hapo ndipo nilipohisi kitu kimelegea kifuani. Kahawa pande zote mbili. Ni msimu, matunda mekundu yamejaa, wanawake wamejifunga vikapu kiunoni wanachuma huku wanasengenyana, na harufu ile ya maganda yanayochacha, chachu na tamu kwa pamoja. Zuhura alikuwa hajawahi kuona kahawa mtini. Nikasimamisha gari, mama mmoja akampa tunda alimung'unye. Akashangaa kwamba lina utamu.

"Siku zote nakunywa kitu sijui kinavyofanana," akasema.

Nilikuwa na furaha. Nataka niandike hivyo waziwazi, kwa sababu baadaye mtu anaweza kudhani nilikwenda na moyo mzito. Sivyo. Uongo niliomwambia mama nilikuwa nimeshausahau. Nilikuwa naimba.

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani.

Barabara pale inapanda kidogo kisha inanyooka. Nikamwona mtu mbele yetu upande wa kushoto, anatembea kwa fimbo, polepole. Mguu mmoja ana kiatu. Mwingine umefungwa bandeji na umevaa kandambili. Koti la kijivu.

Huwezi kuujua mgongo wa mtu miaka yote hiyo halafu ukausahau.

Alisikia gari akageuka nusu. Pikapu yetu haina mwenzake. Kwenye kioo cha mbele, juu, mume wangu aliandika IPYANA kwa rangi nyekundu siku mtoto alipozaliwa. Mzee akaliona jina la mjukuu wake, akaona mwanamke kwenye usukani, na papo hapo akafanya anachofanya siku zote. Akatoka barabarani. Akashuka kwenye mtaro na mguu ule, akashika mizizi ya mti, akageukia ukingo wa udongo akatupa mgongo, akavuta koti likamfunika kichwa. Ili nipite. Ili mimi, mkwe wake, nisipate aibu ya kumwona.

"Simama!" Zuhura akasema. "Mzee anachechemea yule, tumsaidie."

"Siwezi. Ni baba mkwe. Ni mwiko."

Zuhura anaujua mwiko huo, nilishamsimulia dukani. Akaangalia chini hapohapo, kwa adabu. Na mimi nikageuza uso upande wa pili, kama inavyotakiwa, nikakanyaga mafuta. Kwenye kioo cha nyuma hakukuwa na mzee. Kulikuwa na vumbi langu tu.

Sikusimama kwa sababu ya mwiko? Hapana. Nimeliandika swali hili nikalifuta, nikaliandika tena. Sikusimama kwa sababu gari lilikuwa gereji. Kama ningesimama, ningeulizwa limetoka saa ngapi, na linakwenda wapi upande wa Kamsamba, na huyu mwanamke mwenye miwani ya jua ni nani, na mkeka wa nini. Mwiko ulikuja mbio kunificha, nikajifunika nao. Kitu ambacho yeye alikifanya kwa heshima na mguu unaouma, mimi nilikifanya kwa uongo nikiwa nimekaa kwenye kiti laini.

Tuliteremka bondeni mchana. Joto likatupokea, tukavua masweta ya Mbozi. Ng'ombe niliowaona kule, sijui niseme nini. Makundi ya Wasukuma yanavuka barabara bila haraka, pembe baada ya pembe, mchungaji amebeba fimbo mabegani na mikono ameining'iniza juu yake. Unazima injini unasubiri. Hakuna anayepiga honi kule, na ukiipiga, ng'ombe ndiye anayekushangaa. Zuhura alifurahi kama mtoto. Alipiga picha nyingi. Katika picha zote nilizomo nimefumba mdomo.

Ivuna tulinunua chumvi kwa kina mama wanaoichemsha. Wakatueleza wanavyofanya, nikawa naitikia tu. Kesho yake tukafika ziwani.

Rukwa ni kimya. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, ufukwe ni tope lililokauka likapasuka vipande vipande, ndege weupe wenye midomo mikubwa wamesimama bila kazi. Wenyeji walituonya tusikaribie maji, mamba hana likizo. Tukatandika mkeka mbali. Hiki ndicho nilichokuwa nimekifuata. Hakuna simu, hakuna mteja, hakuna honi ya lori. Nikamenya chungwa nikashindwa kulila.

Zuhura alikuwa amelala chali, kitambaa usoni kuzuia jua. Nilidhani amesinzia. Akasema taratibu, bila kunitazama:

"Lakini mimi si mkwe wake."

Nikaliweka chungwa kwenye mkeka.

"Nasema tu. Ungeshuka wewe ukakaa pembeni chini ya mti, mimi ningempeleka mpaka mlangoni kwake, nikarudi kukuchukua. Leseni ninayo. Nilipoanza kulifikiria tulikuwa tumeshafika mbali, nikasema labda na hilo nalo mwiko wenu haulitaki."

Ningeweza kumdanganya na hilo. Angeamini, yeye wa Kondoa atajuaje? Badala yake nikamwambia yote. Simu, gereji, yote. Zuhura akaondoa kitambaa usoni akakaa. Nilitegemea anigombeze, ana mdomo yule, wenye malori wanamwogopa. Hakunigombeza. Alinimenyea chungwa lingine na kuniwekea mkononi, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Tulirudi kwa njia ileile, hakuna nyingine ya maana. Tulipofika pale kwenye mtaro nilimwachia Zuhura usukani nikalala siti ya nyuma kama mzigo. Nilijiambia nitamtuma dereva Jumatatu. Nitasema gari limepona. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, lakini hawakusema kwamba mwenyewe huendelea kuitengeneza hata ikiwa imekwisha.

Jana jioni simu ikaita. Mama mkwe. Nikaiacha ikakata, ikaita tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina habari njema."

Sauti yake ilikuwa ya furaha iliyopangwa, ya mtu anayezungumza huku wengine wanamsikiliza. Akaniambia kwamba baba mkwe hana neno jingine nyumbani isipokuwa mimi. Alirudi toka zahanati siku ile, akakaa, akasema: leo nimekutana na mkwe wangu njiani. Alikuwa anakuja kunichukua, gari limetengenezwa, akanikuta niko peke yangu bila mtu wa kati. Wengine wa siku hizi wangesimama wakanipa mkono hivihivi barabarani. Huyu hakunivunjia heshima. Aligeuza uso wake, akapita. Huyu amelelewa.

Amewasimulia majirani. Amemsimulia katekista.

"Sasa baba yako amesema," mama akaendelea, "mkwe wa namna hiyo hafai kufichwa tena. Anataka kukufungulia. Uje Jumamosi ijayo. Jogoo yupo, shangazi zake mume wako wameshaambiwa. Wewe utamwamkia, yeye atakupa mkono, basi. Kuanzia hapo utamwona kama baba."

Hilo kwao linaruhusiwa, mzee akiridhika na mkwe wake. Lakini ni wachache wanaofunguliwa. Mke wa shemeji yangu mkubwa hajafunguliwa mpaka leo, na ni mwanamke mwema kuliko mimi mara mia.

Nilikaa na simu sikioni, machozi yanashuka. Mama akadhani ni ya furaha. Akasema, "Usilie, mama." Hapo ndipo niliposhindwa.

"Mama, uko wapi? Uko peke yako?"

Akasema subiri. Nikasikia mlango, kisha kuku, kisha kimya cha shambani.

"Mama, gari halikuwa gereji."

"Najua."

"Sikuwa nakuja kumchukua baba. Nilikuwa nakwenda kutembea tu. Rukwa. Kuangalia."

"Najua halikuwa gereji," akasema. "Baba yako alisema lilikuwa linaelekea Kamsamba. Lililokuja kumchukua lingegeuka, likarudi. Alipokuwa anasimulia mimi nilikuwa napepeta mchele. Nikaendelea kupepeta."

Nikamwambia naomba nije kesho, nisisubiri Jumamosi. Nimwambie mwenyewe, au yeye amwambie kwa niaba yangu kama tunavyofanya siku zote. Nimwombe radhi. Wasichinje jogoo. Wasiite mtu. Nilikuwa naongea haraka, nadhani nilikuwa hata naona nafuu, kama mtu anayetapika.

Mama mkwe alininyamazisha. Si kwa ukali.

"Mama Ipyana. Baba yako mguu unamuuma, kahawa mwaka huu bei mbaya, watoto wake wako mbali. Kitu kimoja kimemfurahisha mwezi huu wote. Ukimwambia, wewe utalala usingizi. Yeye je?"

Nikafuta uso kwa kiganja.

"Gari lilete kesho na dereva, apelekwe Vwawa. Jumamosi uje umevaa vizuri."

Akakata.

Gari limeondoka leo asubuhi kabla ya misa. Zuhura mwenyewe aliendesha. Hakutaka nimtafute mtu mwingine. Ameshanitumia ujumbe mchana: wamefika hospitali, mzee ameonwa, amepewa kitanda siku mbili tatu, mguu utapona. Kisha akaongeza kwamba njia nzima mzee alikuwa anamsimulia habari za mkwe wake.

Nimemaliza chai. Kitenge cha Jumamosi nimeshakichagua, kile cha bluu, mama anakipenda. Nimejaribu kupiga magoti hapa sebuleni, peke yangu, nione nitasemaje shikamoo kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia bila ukuta katikati. Kusema shikamoo naweza. Baada ya hapo atainua uso, nitamwona kwa mara ya kwanza, naye atanishukuru mbele ya watu wote kwa siku ile njiani.

Nami nitaitikia, "Asante, baba."